Pua ya Baba na Valvu ya Moshi

Baba yangu hakuwa akifungua boneti ya gari la mteja kabla ya kwenda kwanza nyuma yake. Alimwambia mwenye gari awashe injini, kisha akachuchumaa pembeni ya bomba la moshi, akakinga kiganja, akakifumba kama mtu aliyekamata panzi, akakipeleka puani. Gereji nzima ilinyamaza. Baba alifumba macho, akavuta pumzi, akafumbua, ndipo akasema.

"Huyu anakunywa mafuta bila kuyatafuna."

Au: "Huyu anaunguza oili. Mama, mara ya mwisho kuangalia oili ilikuwa lini? Usinidanganye, gari limeshanisimulia."

Na kwa magari ya dizeli ya siku hizi alikuwa na kauli moja iliyowavunja watu mbavu: "Huyu anavuta moshi wake mwenyewe. Mraibu huyu, msimchekee."

Ndiyo maana waliomfahamu walimwita Pua, na wasiomfahamu walielekezwa kwake kwa jina hilo. Mteja mmoja aliyetoka kwenye gereji kubwa, ile yenye mashine ya kupima inayochomekwa chini ya usukani, aliwahi kumuuliza kama na yeye anayo mashine. "Ninayo," baba alijibu. "Imekaa katikati ya uso na haihitaji umeme."

Alizaliwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Babu ndiye aliyekuwa akiiendesha, na chumba walicholala kilitenganishwa na injini ile kwa ukuta mmoja tu. Baba alipenda kusema kwamba alijua harufu ya dizeli kabla ya kujua harufu ya maziwa. Hapo alitia chumvi. Lakini ni kweli kwamba akiwa bado mdogo alikuwa akiamka asubuhi, hajaosha uso, na kumwambia babu kuwa mashine imekosa hewa leo, na babu akienda kufungua filta anakuta imejaa pumba. Tangu hapo watu walimchukulia kama mtoto aliyepewa kitu, naye akakua akiamini hivyo.

Magari mapya ya dizeli yalipoanza kuingia, mafundi wengi wa rika lake waliyakimbia. Baba aliyakalia chini akayasoma. Alinieleza mara nyingi, maana nilikuwa napenda kuuliza. Injini hizi, alisema, zimetengenezwa zirudishe ndani sehemu ya moshi wake, uchanganyike na hewa safi, ili moto wa ndani usiwe mkali kupita kiasi na sumu inayotoka nje ipungue. Kuna mlango mdogo wa chuma unaofunguka na kujifunga kuupitisha moshi huo. Gerejini waliuita valvu ya moshi. Masizi yakijaa, mlango unakwama. Ukikwama ukiwa umefungwa, pengine dereva asijue lolote mpaka taa ya injini iwake. Ukikwama ukiwa wazi, moshi unaingia saa zote, hewa safi inakosa nafasi, na hapo gari linatetemeka likisimama, linatapika moshi mweusi, na linakata pumzi mlimani.

Dalili hizo zinafanana na za magonjwa mengine mengi ya dizeli, na hapo ndipo pua ya baba ilipokuwa na thamani. Alisema moshi uliochomwa mara mbili una harufu yake, kama chumba ambamo mishumaa mingi imezimwa kwa mkupuo. Mimi sikuwahi kuisikia harufu hiyo. Hata Nati hakuwahi kuisikia.

Nati alikuwa fundi mwenzake, mwanamke wa makamo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ni mfupi na neno lake akishalikaza halifunguki. Alikuja kwa baba kujifunza, akajifunza, akabaki. Yeye kwa kuwa hakuwa na pua, alizoea kutumia mikono. Aligusa mabomba, alibonyeza mipira, aliweka kiganja juu ya injini kama anayepima mtoto homa.

Mwaka huo yalipita mafua makali. Nyumbani tuliugua wote, na baba akaugua kuliko sisi sote. Alipopata nafuu alirudi gerejini amekonda lakini mwenye furaha. Gari la kwanza lililoletwa lilikuwa la mteja wake wa siku nyingi. Akaenda nyuma, akachuchumaa, akakinga, akapeleka puani.

Hakusikia kitu.

Alidhani kiganja hakikushika moshi. Akarudia. Aliniambia baadaye, akiwa anaangalia viatu vyake, kwamba ilikuwa kama kunusa kioo. Nyuma yake watu walikuwa wamenyamaza, wanangoja. Akasema neno la kwanza lililomjia: "Filta."

Kwa bahati mbaya ikawa kweli ni filta. Nasema bahati mbaya kwa sababu angekosea siku ile, pengine yote yangeishia pale pale.

Jioni, Nati alipokwishaondoka, baba aliingia stoo na kufungua makopo, moja baada ya jingine. Petroli. Mafuta ya taa. Grisi. Gundi ya mpira. Aliingiza pua mpaka ikagusa bati. Kisha akakaa juu ya tairi na makopo yote yako wazi mbele yake. Fundi aliyevunjika mkono, watu wanauona mkono, wanampa pole, wanangoja upone. Yeye angewaambia nini? Aliitwa Pua. Akiwaambia imekufa, atabaki kuitwa nani?

Basi akajikaza. Angeweza kuacha kuchuchumaa nyuma ya magari na kufanya kazi kwa macho na masikio kama mafundi wengine, maana ufundi aliujua. Hakuacha. Kila mteja alipofika, alikwenda nyuma, akakinga kiganja, akafumba macho, na mle gizani akawa anabahatisha kwa sauti aliyokwisha kuisikia na rangi ya moshi aliyokwisha kuiona. Mara nyingi alipatia. Watu waliendelea kucheka. Yeye, kila alipoinuka, aliona joto limempanda shingoni.

Nyumbani alijificha vilevile. Siku moja mama alitoka kwenda dukani, akaacha sufuria jikoni. Aliporudi, harufu ya kuungua ilimpokea getini. Baba alikuwa mezani, mlango wa jikoni uko wazi ubavuni kwake, anafungua redio mbovu kwa bisibisi.

"Baba Watoto! Huna pua?"

Baba alishtuka kama mtu aliyekutwa dirishani kwa watu. "Nilidhani unataka iive vizuri."

"Iive au iteketee?"

Mama alikwangua sufuria ile kwa hasira, hakusema naye mpaka kesho yake. Sisi watoto tulidhani ni mambo ya watu wazima.

Kisha dada yangu mkubwa akachumbiwa. Baba mkwe wake alikuwa muuza vifaa vya ujenzi, mtu wa mwili mkubwa na maneno ya taratibu, ambaye akishakuamini amekuamini. Jina la Pua alikuwa amelisikia muda mrefu, na kupata ukweni kwa Pua kulimfurahisha kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Tulipokwenda kwao mara ya kwanza, mkewe aliingia sebuleni akichechemea, kwa kuwa alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona, na bakuli kubwa mikononi. Alipofunua, mvuke ukapanda.

"Kimya kidogo," mkwe alisema. "Hebu tumsikie Pua mwenyewe."

Macho yote yakamgeukia baba. Aliuona mvuke. Akafumba macho, akavuta.

"Mama," alisema, "harufu hii ingenitoa kwangu mpaka hapa bila kuuliza njia."

Wote wakacheka, na mama mkwe akaona haya ya furaha. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama yangu. Yeye hakucheka. Alikuwa akimwangalia baba, na nilijua anawaza nini, kwa sababu tangu yale mafua baba hakuwa amesifu chakula cha nyumbani hata mara moja.

Haukupita muda mrefu, mkwe akaleta gari lake gerejini, la dizeli, rangi ya fedha, akaliacha lilale pale. Asubuhi alikuja kueleza ugonjwa.

"Mkwe, gari linaniaibisha. Likisimama kwenye taa linatetemeka kama lina homa. Nikikanyaga mafuta, nyuma giza. Na ule mlima wa hospitali siku hizi linaupanda kwa kuombewa." Mkewe alipelekwa hospitali ile kila mara kufungwa kidonda, na hospitali ilikuwa juu kabisa, mwisho wa mlima.

"Unalitumia wapi zaidi, mzee?" Nati aliuliza.

"Nyumbani dukani, dukani nyumbani. Hata taarifa ya habari haijaisha nimeshafika."

Nati alitikisa kichwa polepole. Gari la dizeli lisilopewa nafasi ya kupata joto sawasawa hukusanya masizi. Lakini baba alikuwa ameshazunguka nyuma. Gari likawashwa. Fundi rangi wa jirani aliacha kazi yake akasogea, na mama muuza chai akasimama na birika mkononi. Baba alichuchumaa muda mrefu kuliko kawaida.

"Nozeli," alisema hatimaye. "Zinamwaga mafuta badala ya kuyanyunyiza."

Nati alikuwa ameinamia injini. "Mzee, njoo ushike hili bomba. Gari limelala usiku kucha, injini bado baridi, lakini bomba la valvu ya moshi limeshaanza kuunguza. Moshi unapita hapa wakati mlango ulitakiwa uwe umefungwa."

Baba alijua, wakati ule ule, kwamba huenda Nati amesema kweli. Aliniambia hivyo mwenyewe. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, mbele ya mkwe.

"Nati, kila mtu na kipaji chake. Mimi ninanusa, wewe unapapasa."

Fundi rangi alicheka mpaka akashika tumbo. "Daktari Nati huyo! Gari lina homa, mpeni dawa ya maji!"

"Mwacheni," mama muuza chai alidakia, "pengine analibembeleza lilale."

Mkwe naye alicheka, bila ubaya. Nati alitoa mkono, akaufuta kwa tambara kidole kimoja kimoja. "Sawa, mzee," alisema. Nati akisema sawa namna ile, ujue hajakubali.

Nozeli zikafunguliwa, zikapelekwa kwa wanaozitengeneza, zikarudishwa. Filta zote zikabadilishwa. Baba akalichukua gari barabara kuu, akalikimbiza kweli kweli mpaka injini ikapata joto ambalo haikuwa imelipata kwa miezi. Masizi kidogo yakaungua, yakatoka. Gari likarudi limechangamka. Mkwe akalichukua, na jioni akapiga simu kumsifu kwa sauti iliyosikika chumba cha pili: "Pua! Pua wewe!" Baba aliitikia, "Aa, kazi ya kawaida tu," kisha akaenda kuoga na akakaa bafuni muda mrefu.

Simu ya pili ilikuja siku ambayo mkewe alikuwa akipelekwa hospitali.

"Mkwe, limetukatikia mlimani."

Baba na Nati walipanda pikipiki ya Nati wakaenda. Walilikuta gari limesimama upande upande, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu. Lilikuwa limeishiwa nguvu katikati ya mlima, likazimika, likaanza kurudi nyuma kabla mkwe hajalidhibiti. Mama mkwe alikuwa ameogopa, akashuka, akajaribu kumalizia mlima kwa miguu. Hakufika mbali. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, kiatu mkononi, bandeji imelegea na imelowa. Alipomwona baba alijaribu kusimama.

"Karibu, mkwe," alisema, kana kwamba yuko sebuleni kwake.

Baba alitamani ardhi ipasuke.

Mkwe hakuwa na hasira naye hata kidogo. Angekuwa nayo ingekuwa nafuu. "Nimeshajua ni nini," alisema akijifuta jasho. "Ni mafuta. Nilijaza jana kile kituo cha kona. Wamechanganya wale. Eti, mkwe? Maana nozeli umetengeneza wewe, na pua yako haikosei."

Baba aliinama, akasukuma jiwe moja chini ya gurudumu.

"Si ndiyo?"

"Inawezekana."

"Inawezekana au ndivyo?"

Nati alikuwa amesimama na kofia yake ngumu kwapani, anamwangalia.

"Ni mafuta," baba alisema.

Walimpandisha mama mkwe kwenye teksi, wakakodi gari jingine likalivuta lile mpaka gerejini. Nati alipofika alifunga pikipiki, akaaga, akaenda kwake mapema.

Kesho yake asubuhi mkwe alipiga simu, safari hii sauti yake ikiwa na moto. Alikuwa amekwenda kituoni, amewawashia. Yule dada aliyemjazia mafuta amesimamishwa, na yakithibitika, anamwaga unga. "Walianza kubisha," mkwe alisema. "Nikawaambia fundi wangu ni Pua. Waliposikia jina, wakanywea. Sasa wanataka uje uwaambie kwa mdomo wako. Nakupitia mchana, niko na mke wangu, tukitoka hospitali."

Baba aliweka simu kwenye meza ya spana. Kisha akamwita Nati.

"Liwashe lile gari."

Injini ilikuwa baridi. Nati akaiwasha. Baba hakwenda nyuma. Aliinama mbele, akapitisha mkono kati ya mipira na nyaya, akalishika lile bomba fupi linalotoka kwenye moshi kwenda kwenye njia ya hewa. Alingoja. Bomba likapata joto upesi upesi, likawa moto, akaendelea kulishika mpaka Nati akamwambia, "Mzee, utaungua."

Wakazima. Baba akafungua mwenyewe boliti za valvu, akaitoa, akaiweka juu ya gazeti. Mlango haukuonekana. Kulikuwa na tope jeusi, gumu ukingoni na laini katikati, kama uji ulioganda kwenye kuta za chungu. Pini iliyotakiwa kupanda na kushuka ilikuwa imenasa katikati ya safari.

Kisha akaisafisha. Alipulizia dawa ya kuyeyusha masizi upande wa mlango tu, akiuinamisha ili isitiririke kwenye kimota cha umeme kilichoko upande wa pili. Alingoja ilainike, akakwangua kwa kijiti cha mbao na mswaki wa zamani, maana chuma kingekwaruza pale mlango unapokalia, na mlango uliokwaruzwa haufungi tena. Alirudia mpaka pini ikapanda na kushuka kwa kidole na kurudi yenyewe. Nati alisafisha bomba na mdomo wa njia ya hewa, akakata gasketi mpya. Ilikuwa mikono minne juu ya kazi moja, kama zamani.

"Mzee," Nati alisema bila kuinua macho, "siku ile ulipokinga mkono, upepo ulikuwa unapeleka moshi upande wa pili. Ulifumba mkono mtupu. Nikajiambia, amechoka."

"Imekufa," baba alisema.

"Nini imekufa?"

"Pua. Tangu mafua."

Nati aliacha kukata. Alimwangalia, kisha akaangalia mkasi.

"Na mimi ukanifanya kichekesho."

"Ndiyo."

"Mpaka leo yule wa rangi ananiita daktari."

"Nisamehe, Nati."

"Nipe hiyo boliti," Nati alisema. Hakusema amesamehe, na baba hakuuliza mara ya pili.

Mkwe alipofika kwa teksi na mkewe, gari lake lilikuwa linaunguruma kwa utulivu. Nati alikuwa amemuita mwenye mashine ya kupima kutoka ile gereji kubwa, ili injini ijulishwe upya mahali mlango unapoanzia na kuishia. Ilikuwa mara ya kwanza mashine ile kuingia kwa Pua, na fundi rangi alikuwa amekwisha kuligundua hilo na kusogea.

"Umeona!" mkwe alisema. "Mafuta mabaya mmeyamwaga?"

"Mafuta hayakuwa na tatizo," baba alisema. "Wala nozeli hazikuwa na tatizo kubwa. Ni valvu ya moshi. Nati alisema siku ya kwanza, nikamcheka."

"Sasa pua yako..."

"Sinusi kitu, mkwe. Tangu nilipougua. Siku ile nilibahatisha. Jana pale mlimani nilijua siyo mafuta, nikasema ni mafuta."

Mama muuza chai aliweka birika chini. Uso mpana wa mkwe ulikunjamana kama wa mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Ndani ya teksi mkewe aliteremsha kioo.

"Mkwe," aliuliza taratibu, "na siku ile kwetu? Ulivyosema harufu ya chakula changu ingekutoa kwako?"

"Niliona mvuke, mama."

"Mvuke!"

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe alifumba mdomo kwa mtandio, mabega yakatikisika, na kicheko kikamponyoka. Fundi rangi akakidaka, akakipeleka mbali: "Kasifu mvuke! Jamani, Pua kasifu mvuke!" Baba alisimama katikati ya kicheko hicho bila kuinua kichwa. Mkwe peke yake hakucheka.

"Mke wangu ametembea mlima ule na mguu ule," alisema.

"Najua."

"Na yule dada wa watu yuko nyumbani kwake sasa hivi anaitwa mwizi. Kwa neno lako, kwenye mdomo wangu."

"Najua, mkwe."

"Ingia garini."

Kituoni walimkuta meneja ofisini, kijumba cha vioo kati ya pampu, na yule dada amesimama pembeni akiwa amevaa nguo zake za nyumbani, ameitwa kuja kusikia. Meneja alipomwona baba alinyanyuka na kumpa mkono kwa heshima. "Mzee Pua. Tumekusubiri. Tueleze mafuta yetu yana nini."

Baba alieleza. Alisema polepole, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na magari yamepanga foleni, madereva walisikia. Meneja alimsimamisha katikati. "Samahani, mzee. Kwa hiyo hukunusa?"

"Sikunusa."

"Sema kwa sauti, wenzake huyu dada wasikie."

Baba akarudia kwa sauti. Dada wa pampu hakumshukuru na hakumtukana. Alipita ubavuni kwake, akaenda kuchukua koti lake la kazi kwenye msumari, akalivaa na kufunga vifungo mpaka cha shingoni, akatoka kwenda kwenye pampu. Mkwe alimrudisha baba mpaka kona ya mtaa wetu. Alipoteremka mkwe alisema tu, "Harusi iko pale pale. Watoto hawana kosa." Kisha akaondoka, na gari halikutoa moshi.

Baba alidhani kazi ngumu imekwisha. Alipoingia ndani alimkuta mama amekaa, simu mapajani. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumpigia, akiwa bado anacheka, akidhani anamsimulia mwenzake jambo analolijua.

"Tangu mafua?" mama aliuliza.

"Tangu mafua."

"Nati anajua. Mkwe anajua. Wenye foleni ya mafuta wanajua."

Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu mkononi, sikujua niingie au nitoke.

"Nimebadilisha sabuni," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anayeongea na simu ile. "Nimebadilisha mafuta ya nywele. Nikasema labda haya hayapendi, nikanunua mengine. Ulikuwa ukiingia unasema kitu, miaka yote ulikuwa ukisema kitu. Ukanyamaza. Nikajiambia, basi, amenichoka, na mtu akichokwa hana la kufanya. Halafu nikakusikia kwa watu unasifu chakula cha mwanamke mwingine."

"Ulikuwa mvuke."

"Mimi ningejuaje?"

Alinyanyuka akaenda jikoni. Baba alibaki amesimama, mikono inaning'inia, ina masizi bado kwenye mikunjo ya vidole. Alifanya kama anataka kumfuata, akasita, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kile wanachokalia wageni wasiokaa sana.

Walikula wakitazama sahani zao. Mama hakumuuliza chakula kikoje.

Asubuhi baba alivaa kwenda kazini. Alifika mlangoni, akasimama, akarudi mpaka pale mama alipokuwa akikunja shuka. Alivuta ukosi wa shati lake kidogo, bila kumtazama machoni.

"Linanuka?"

Mama aliendelea kukunja. Nilidhani hatajibu. Kisha aliweka shuka kitandani, akamsogelea, akainamisha uso shingoni kwake, akavuta pumzi.

"Vua," alisema.

Baba akavua pale pale.